Kununua Kiwanja Tunduma: Mambo ya Msingi kwa Familia Inayoanza

AlhamduliLlaah. Familia nyingi za Unguja na Pemba zina ndugu anayefanya biashara Tunduma, mji wa mpakani mkoani Songwe unaotazamana na Nakonde ya Zambia. Malori ya Zambia na Kongo hupita hapo usiku na mchana, na milango ya maduka (Bara huitwa fremu) haikosi wapangaji. Basi ndugu hupiga simu: "Tumeni fedha, kiwanja kimepatikana." Kabla ya kutuma, yafahamike haya.

1. Sheria ni ya Bara

Ardhi si jambo la Muungano. Mzanzibari ni raia na anaruhusiwa kumiliki ardhi Bara, lakini zinazotumika huko ni Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999. Ardhi yote ni ya umma chini ya dhamana ya Rais. Unachonunua ni haki ya kuitumia kwa muda uliotajwa katika hati, usiozidi miaka 99. Pembezoni mwa mji, uliza kwanza kama ardhi ni ya kijiji. Ikiwa hivyo, mauzo yanahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji.

2. Je, muuzaji ndiye mwenye mali?

Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Kwa hiyo, mnunuzi aombe nakala ya hati, kisha afanye upekuzi kwa msajili wa hati na ofisi ya ardhi ya halmashauri. Mhuri wa mwenyekiti wa mtaa unashuhudia makubaliano tu; haumfanyi muuzaji kuwa mmiliki. Kama ni nyumba ya wanandoa, ridhaa ya mke au mume ipatikane. Kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia, pima mita 30 kutoka katikati ya barabara: aliyejenga ndani ya hifadhi hiyo anaweza kubomolewa.

3. Fedha ya watano, hati ya mmoja

Hapa ndipo undugu unapovunjika. Aliyetumwa kununua ni wakala, na kiwanja ni cha waliotoa fedha. Lakini akifariki na hati ina jina lake peke yake, warithi wake watajuaje? Aya ya 282 ya Suratul-Baqarah imeamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe. Na hapa pia andikeni mafungu ya kila mmoja, na majina yote yaingie katika hati. Kwa madhehebu ya Imam Shafi'i, faida na hasara hufuata mtaji. Mshirika akiuza fungu lake, wenzake wana haki ya shufaa, yaani kulichukua kwa bei ile ile.

4. Mtaji

Mkopo wa riba haujuzu hata kama kodi italipa deni. Katika murabaha, benki inainunua mali kwanza, inaimiliki, kisha inakuuzia kwa bei inayojulikana. Soma mkataba uhakikishe hatua hizo zimo. Asiye na haraka na aweke akiba.

5. Mpangaji

Mji wa mpakani una baa nyingi, nazo hulipa vizuri. Kumpangisha unayejua atauza pombe ni kusaidiana katika dhambi. Weka sharti la matumizi katika mkataba. Na unapopiga hesabu ya pato, toa kwanza kodi ya serikali, matengenezo na miezi isiyo na mpangaji.

6. Zaka

Kiwanja ulichonunua kwa nia ya kukiuza ni mali ya biashara: kila mwaka wa Hijria unapotimia, kithamini kwa bei ya soko utoe asilimia 2.5, ikiwa kimefika nisabu. Nyumba ya kupangisha haina zaka yenyewe. Zaka ipo katika kodi iliyobaki mkononi, ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka. Kiwanja cha kujenga makazi yako hakina zaka. Cha kurithi pia, kwa Mashafi'i, hakiwi mali ya biashara kwa nia tu.

Anayeshindwa kusafiri mwenyewe amtume mtu wawili, si mmoja, wakakione kiwanja na kuuliza majirani. Nauli ya kwenda Tunduma ni ndogo kuliko kesi ya ardhi.

Wallahu a'lam.