Hadithi za Ajabu na Kusomewa: Watoto Wadogo wa Lodwar na Kakuma katika Historia ya Lugha za Kufundishia

Utangulizi

Makala hii inakusudia kueleza, kwa njia ya historia, jinsi hadithi za ajabu zilivyomfikia mtoto mdogo wa Turkana, na kwa nini hadithi hizo na kitabu zilichukua muda mrefu kukutana. Kwa "hadithi za ajabu" yanakusudiwa masimulizi ambayo ndani yake mambo yasiyowezekana katika maisha ya kila siku huwezekana: wanyama husema, mazimwi humeza vijiji vizima, na nyayo za fahali mmoja huwapeleka watu kwenye nchi mpya.

Kiswahili hutofautisha waziwazi vitendo viwili ambavyo aghalabu huchanganywa katika mijadala ya elimu. Kuna kusoma kwa sauti, na kuna kumsomea mtu. Darasani, kitendo cha kwanza kwa kawaida kimekuwa cha mwanafunzi: mwalimu hutamka sentensi, darasa zima likairudia, na mwalimu akapima matamshi. Kitendo cha pili ni cha mtu mzima ambaye humwazima mtoto macho yake. Mtoto anayesomewa hapimwi. Kazi yake ni kusikiliza, kuitikia na kuuliza. Hoja ya makala hii ni kwamba tangu uhuru sera ya elimu ya Kenya iliitambua thamani ya hadithi kwa mtoto mdogo, lakini iliiweka hadithi upande wa lugha ya nyumbani na kukiweka kitabu upande wa lugha nyingine. Lodwar na Kakuma ni mahali ambapo matokeo ya mgawanyo huo yanaonekana vizuri zaidi.

Hadithi kabla ya kitabu

Masimulizi yanayojulikana zaidi kati ya Waturkana ni yale ya Nayeche, mwanamke wa Kijie kutoka nchi ambayo leo ni sehemu ya Uganda. Kwa ufupi, fahali wa kijivu alipotea akielekea mashariki. Vijana waliozifuata nyayo zake walimkuta katika bonde la mto Tarach, pamoja na bibi huyo aliyekuwa akiishi peke yake kwa kuokota matunda ya mwituni. Walipoona kwamba nchi ile ina malisho, walirudi kuwaita wenzao, na waliohamia huko ndio waliokuja kuitwa Waturkana. Jina la bibi huyo limebaki katika kilima cha Moru Anayeche, na mto Tarach, ambao huwa mkavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, ndio unaopita Kakuma.

Wanahistoria wameyatumia masimulizi haya kama ushahidi. John Lamphear aliyachunguza katika kazi yake ya 1976 juu ya historia ya Wajie, na Mustafa Kemal Mirzeler aliandika kitabu kizima kuyahusu mwaka 2014. Lakini mtoto hayasikii kama ushahidi. Kwake yeye ni safari ya ajabu ya bibi kizee na fahali, nayo hutukia katika mabonde na vilima anavyovijua kwa majina. Jambo hili ni muhimu, kwani mara nyingi husemwa kwamba hadithi ya ajabu humtoa mtoto katika ulimwengu wake. Katika mfano huu hadithi humfunza mtoto kuutazama upya ulimwengu ule ule anaoukanyaga.

Hali hii inapingana na sifa ambayo eneo hilo limepewa na wageni. Kwa Wakenya wengi wa zama za ukoloni, Lodwar ilijulikana kama mahali pa kizuizini: Jomo Kenyatta aliwekwa huko kuanzia 1959 hadi 1961, baada ya kifungo chake cha Lokitaung. Maandishi mengi ya kigeni nayo hudai kwamba jina Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya "mahali pasipokuwapo". Kiswahili hakina neno hilo. Dai hilo ni hekaya ya waandishi, lakini linadhihirisha jinsi nchi yenye masimulizi tele ilivyoandikwa kana kwamba ni ukurasa mtupu.

Kitabu cha Kiswahili na ngano

Katika pwani, ngano iliingia kitabuni mapema. Edward Steere alichapisha mkusanyo wake wa hadithi za Unguja mwaka 1870, naye alitambua kwamba nyimbo zilizomo ndani ya ngano ziliimbwa na wasikilizaji wote, na kwamba mara nyingi nyimbo hizo ndizo zilizobeba kiunzi cha hadithi. Baadaye zilikuja tafsiri: visa vya Alfu Lela Ulela, safari za Gulliver, na mwaka 1940 Elisi katika Nchi ya Ajabu. Shaaban Robert naye alijenga nchi za kubuniwa, Kusadikika na Kufikirika, kwa ajili ya mafundisho ya watu wazima.

Hata hivyo, vitabu hivi vilipofika darasani vilitumika zaidi kama vitabu vya mwanafunzi ambaye tayari anajua kusoma. Tena uchapaji uliondoa kitu kimoja. Msimulizi anaposema "Paukwa", hawezi kuendelea mpaka aitikiwe "Pakawa". Kitabu hakingoji kuitikiwa. Anayewasomea watoto wadogo hulazimika kuirudisha nafasi hiyo ya itikio kwa sauti yake mwenyewe, la sivyo ngano hugeuka kuwa tangazo.

Kipindi cha hadithi katika Ripoti ya Ominde

Turkana ilichelewa kupata shule. Njaa ya 1960 na 1961 iliwakusanya watu wengi katika vituo vya msaada, na wamisheni waliofika wakati huo, Wakatoliki na wa African Inland, walianzisha shule kandokando ya kazi ya chakula na dawa. Hivyo elimu ya Turkana ilianza kupanuka katika miaka ile ile ambayo taifa jipya lilikuwa likiamua lugha ya kufundishia.

Tume ya Elimu iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde ilitoa sehemu ya kwanza ya ripoti yake mwaka 1964. Iliunga mkono Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, na haikuona sababu ya kuzipa lugha za mama kazi hiyo. Lakini iliona kwamba hapana ugumu wowote wa kutenga kipindi cha kila siku cha kusimulia hadithi katika lugha hizo, katika madarasa matatu ya mwanzo. Pendekezo hili lastahili kusomwa kwa makini. Linakiri kwamba mtoto anahitaji hadithi, na kwamba hadithi yataka lugha anayoiota. Wakati huo huo linaamua kwamba lugha hiyo itasemwa tu. Kitabu kitakachofunguliwa katika kipindi kifuatacho kitakuwa cha lugha nyingine.

Palipokuwa na mwalimu mwenyeji, kipindi hicho kiliweza kuwa na uhai. Mwalimu aliyetoka sehemu nyingine ya nchi hakuwa na lugha ya kusimulia, wala hakuwa na kitabu ambacho kingemsaidia. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilisogea hatua moja ilipopendekeza kwamba lugha inayotumika zaidi katika eneo la shule ndiyo ifundishie katika miaka mitatu ya kwanza. Taasisi ya Elimu ya Kenya ilitoa msururu wa Tujifunze Kusoma Kikwetu kwa lugha zaidi ya 20. Lengo la vitabu hivyo, hata hivyo, lilikuwa kumfundisha mtoto kusoma, si kumpa mwalimu hadithi ndefu ya kumsomea.

Fasihi simulizi yenyewe iliingia shuleni kwa mlango mwingine. Mjadala wa 1968 katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ulioanzishwa na Ngugi wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong, na mkutano wa walimu wa 1974, uliifikisha ngano katika shule za sekondari kama somo la kuchambuliwa. Ushindi huo ulikuwa mkubwa. Lakini mtoto aliyekatizwa ngano akiwa na miaka sita alirudishiwa akiwa kijana, kwa Kiingereza, ili aitahiniwe.

Tatizo la sauti

Kuna sababu ya kiisimu inayofanya suala la kusomea watoto liwe zito zaidi katika Kiturkana kuliko katika Kiswahili. Kwa mujibu wa uchambuzi wa Gerrit Dimmendaal uliochapishwa 1983, Kiturkana kina irabu tisa zinazofuata upatanifu wa irabu, kina toni, na kina irabu zisizo na ghuna mwishoni mwa maneno. Maandishi ya kawaida hutumia herufi tano tu kwa irabu hizo, na toni haiandikwi.

Maana yake ni kwamba mtu aliyejifunza kusoma Kiswahili anaweza kutamka ukurasa wa Kiswahili kwa usahihi hata asipouelewa vema. Ukurasa wa Kiturkana hauwezi kutamkwa sawasawa ila na mtu ambaye tayari anaujua usemi wake. Kwa hiyo kuchapisha hakutoshi. Hadithi ya Kiturkana iliyo kitabuni bado inamhitaji bibi, kaka au mwalimu mwenyeji.

Tafsiri nayo ina gharama yake. Nomino za Kiturkana hugawanyika katika jinsia ya kiume, ya kike na ya kati, na hiyo ya tatu hutumika aghalabu kwa vilivyo vidogo au vichanga. Kiambishi peke yake huweza kumfahamisha msikilizaji kama mnyama wa hadithi ni dume, jike au mtoto. Katika Kiswahili wanyama wote huingia ngeli moja, na anayesoma hana budi kuongeza neno au kuiacha habari hiyo ipotee.

Kakuma baada ya 1992

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kiasi cha kilomita 120 kaskazini-magharibi ya Lodwar, ilianzishwa mwaka 1992 walipowasili vijana wa Sudan waliokuwa wameikimbia Ethiopia baada ya kuanguka kwa serikali ya Mengistu mwaka 1991. Baadaye walifika Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine, na shule za kambi zikafuata mtaala wa Kenya. Makazi ya Kalobeyei yaliyofunguliwa 2016 yalikusudiwa tangu mwanzo kuwahudumia wakimbizi na wenyeji pamoja.

Hapa kanuni ya "lugha ya eneo la shule" inashindwa kujibu swali. Mwalimu akisoma ngano ya Kiswahili, mtoto wa Kikongo husikia lugha ya nyumbani, ingawa si ile sanifu. Mtoto wa Kiturkana husikia lugha ya shule na soko. Mtoto wa Kidinka huenda asisikie ila mlio. Kwa upande mwingine, Watoposa wa Sudan Kusini husema lugha iliyo karibu sana na Kiturkana, na wanaelewana na Waturkana kwa kiasi kikubwa. Kitabu cha Kiturkana, ambacho sera inakihesabu kuwa cha kabila moja, kinaweza kumfaa mtoto aliyevuka mpaka wa nchi.

Katiba ya 2010 imeiamuru serikali kukuza lugha za wenyeji, na mtaala ulioanza kutekelezwa 2019 umezipa nafasi katika madarasa ya chini. Lakini programu ya Tusome, iliyoenezwa nchi nzima kuanzia 2015, ilihusu Kiingereza na Kiswahili. Mchango wa pekee umetoka kwa African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, ambao tangu 2014 umeweka katika intaneti hadithi fupi za watoto zinazoruhusiwa kunakiliwa na kutafsiriwa, zikiwamo za Kiturkana.

Hitimisho

Historia iliyoelezwa inaonyesha kwamba upungufu wa Lodwar na Kakuma haukuwa wa hadithi, wala wa watoto wenye kuzitamani. Upungufu ulikuwa wa mahali ambapo hadithi na kitabu vingekaa mkononi mwa mtu mmoja. Yafaa basi vitabu vya kusomea watoto wa Turkana viandikwe pamoja na nafasi za itikio na nyimbo zake. Viandaliwe kwa lugha mbili, Kiturkana na Kiswahili, ili mwalimu mgeni na msaidizi mwenyeji wasome kwa zamu. Na kipindi kile cha kila siku kilichopendekezwa 1964 kirudishwe, safari hii kikiwa na kitabu ndani yake. Wasomaji wazuri wa Nayeche bado wapo vijijini, ijapokuwa wengi wao hawajui kusoma. Wajukuu wao wanajua. Wakikalishwa pamoja, mmoja atatazama maandishi na mwingine atasahihisha sauti, na mtoto mdogo aliye kati yao atasikia kitabu kikisema lugha yake.