Mtoto Huyu ni wa Nani? Historia Fupi ya Pasi na Sare ya Shule



Hapa Doha wiki ya shule huanza Jumapili, kwa hiyo Jumamosi usiku ndio usiku wa pasi. Na siku hizi ndio usiku wa ubishi. Wazazi vijana wanauliza: kuna haja gani ya kunyosha shati la mtoto wa darasa la tatu, ambalo litakuwa limekunjamana kwenye kiti cha basi hata kabla kengele haijalia? Shati lenyewe ni la polista; likitundikwa vizuri likiwa bichi hukauka limenyooka. Lakini mabibi zao, wakija kutembea kutoka Mombasa au Unguja, huona haya kwa niaba ya ukoo mzima. "Mtoto atoke hivi, kama hana mwenyewe?"

Maneno hayo matatu, "kama hana mwenyewe", ndiyo ninayotaka kuyafuata katika makala hii. Wengi tumeyasikia tangu utotoni tukayachukulia kuwa ni ukali wa wazee tu. Kumbe yana historia, na asiyeijua historia hiyo hawezi kuamua vizuri kama aendelee na pasi au aiweke kabatini.

Tuanze Unguja ya karne ya 19. Wakati ule nguo ilikuwa kitambulisho. Mtumwa alivaa merikani, ile pamba nzito isiyotiwa rangi iliyoletwa na majahazi ya Wamarekani kutoka viwanda vya Massachusetts, au kaniki iliyotiwa nili. Mwanamume mtumwa hakutarajiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya waungwana. Ukimtazama mtu njiani ulijua papo hapo ana bwana au ni bwana. Na hapa ndipo neno "mwenyewe" linapokuwa na ncha mbili: mtumwa alikuwa na mwenyewe, yaani aliyemmiliki, lakini hakuwa na wenyewe, yaani jamaa wa kumtetea, kumwoza na kumzika.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na amri ya kufuta utumwa wenyewe ikatolewa mwaka 1897. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu Unguja, ameeleza jinsi watu walioachwa huru walivyoibadilisha miili yao kwanza. Wanawake waliiacha kaniki wakajitanda kanga za rangi. Wanaume wakavaa kanzu nyeupe na kofia. Barabarani, kanzu kila mtu aliiona.

Na kanzu nyeupe ina gharama yake. Huonyesha kila tone la jasho, na ikikunjamana huonekana kama imelaliwa. Hivyo kazi ya kufua, kutia wanga na kunyosha ikapata heshima mpya. Katika miji ya pwani kulikuwa na madobi, wengi wao wenye asili ya Bara Hindi, kama jina lao lenyewe linavyosema kwa kuwa ni la Kihindi. Walioshindwa kumlipa dobi walifanya wenyewe. Wasomaji waliokulia kwetu wanaikumbuka pasi ya mkaa: chuma kizito chenye tundu ubavuni, komeo mbele, mara nyingine lenye umbo la jogoo. Uliipepea mpaka makaa yawe mekundu, ukaisugua chini kwa jani la mgomba ili iteleze, kisha ukaomba Mungu cheche isiruke. Shati moja tu lilihitaji moto, maji, mkono wenye nguvu na jicho lisilopepesa. Aliyeonekana amenyoshewa alionekana ana mtu nyumbani aliyetumia muda wake kwa ajili yake.

Shule zilikuja zikaikuta tabia hiyo, zikaitumia kwa njia zao. Mwaka 1864 Sultani Majid alimpa Askofu Tozer wa misheni ya UMCA wavulana watano waliotolewa katika jahazi lililokamatwa na watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa misheni hiyo Unguja. Baadaye wavulana wa shule ya Kiungani walivaa kanzu nyeupe. Watoto wale hawakuwa na baba wala mama karibu. Nguo safi ya shule ndiyo iliyojibu swali la mpita njia: mtoto huyu ni wa nani?

Huko bara serikali ya Waingereza ilikuwa na jibu lake. Shule ya Tabora, iliyofunguliwa miaka ya 1920 kwa ajili ya wana wa machifu na ambayo Julius Nyerere aliingia mwaka 1937, ilifuata mfano wa shule za mabwenini za Uingereza: viranja, mstari, ukaguzi. Kenya kulikuwa na Alliance, iliyofunguliwa mwaka 1926, yenye shati na kaptula za kaki. Kaki ni kitambaa cha jeshi. Askari wa Keya walikuwa wamekwisha kuizoesha nchi kaptula iliyotiwa wanga ikasimama kama mbao, na mwalimu aliyekagua wanafunzi asubuhi alisimama kama sajini. Sasa pasi haikumwambia tu mtoto kwamba ana watu. Ilimwambia kwamba anatazamwa.

Mambo haya mawili, kutunzwa na kutazamwa, yaliishi ndani ya shati moja. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza jinsi alivyorudi nyumbani Limuru mwaka 1955, baada ya muhula wake wa kwanza pale Alliance, akakuta kijiji chao hakipo tena. Serikali ya hali ya hatari ilikuwa imekibomoa na kuwahamisha watu. Dola ileile iliyotaka mwanafunzi awe nadhifu mstarini ilimvunjia mama yake nyumba. Tunapousifu unadhifu wa shule za zamani, tulikumbuke na hilo.

Uhuru ulipokuja bendera ilibadilika, mstari ukabaki. Nani kati yetu aliyesoma Dar es Salaam, Kisumu au Tanga ambaye hakunyoosha vidole mbele ya mwalimu wa zamu ili akaguliwe kucha, kisha kola, kisha marinda ya sketi? Lakini sare ilipata maana nyingine pia, nayo ilikuwa nzuri. Tanzania ilipoamua katika Azimio la Musoma la mwaka 1974 kuharakisha elimu ya msingi kwa wote, watoto wa mkulima na wa karani waliingia darasa moja wamevaa rangi moja. Kisha ikaja miaka ya uhaba baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, sabuni ikawa ya kutafutwa kama dhahabu. Watu walifulia majani ya mpapai. Vijana wa bweni waliikunja suruali kwa uangalifu wakailaza chini ya godoro ili uzito wa miili yao uwe pasi. Katika miaka ile mama aliyemtoa mtoto nje akiwa na shati jeupe lililonyooka alikuwa ameshinda vita kabla ya saa moja asubuhi. Msimcheke bibi anapokunja uso. Anajua lile shati lilimgharimu nini.

Kulikuwa na sababu nyingine, ya afya, na hii haikuwa ya kujionyesha. Katika sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara yupo inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, hasa kivulini na chini. Funza wake huingia ndani ya ngozi ya mvaaji na kufanya jipu. Joto la pasi huua mayai hayo, ndiyo maana mama zetu walinyosha hata nguo za ndani na nepi, mbele na nyuma. Chawa wa nguo naye hutaga kwenye mishono. Charles Nicolle alithibitisha mjini Tunis mwaka 1909 kwamba chawa huyo ndiye anayeeneza homa ya taifasi, akapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1928. Pasi moto iliyopitishwa kwenye mshono ilikuwa dawa kabla ya kuwa pambo.

Sasa turudi Doha, tupime nini kimebaki katika sababu hizi.

Inzi yule hatunaye hapa. Kitambaa nacho kimebadilika: polista ilivumbuliwa Uingereza mwaka 1941, na katika miaka ya 1950 na 1960 mwanakemia Ruth Benerito na wenzake kule New Orleans walipata njia ya kuifanya pamba yenyewe isikunjamane. Mashati mengi ya shule yanayouzwa leo ni watoto wa uvumbuzi huo. Kwa hiyo kwa upande wa afya na wa kitambaa, wazazi vijana wameshinda kesi.

Hata kwa upande wa masomo sijaona ushahidi kwamba mkunjo humzuia mtoto kujua hesabu. Ushahidi uliopo unahusu kuwa na sare, si kuinyosha. Katika utafiti mkubwa uliofanywa magharibi mwa Kenya kwenye shule 328 na kuchapishwa mwaka 2015, wasichana waliopewa sare bure waliacha shule kwa uchache zaidi kuliko wenzao, na mimba za utotoni zikapungua pia. Kilichowabakiza shuleni ni kitambaa chenyewe, ambacho wazazi walikuwa hawawezi kukinunua.

Limebaki swali la bibi: mtoto ana mwenyewe? Na hapa Doha swali hilo lina jibu zito kuliko tunavyopenda. Pale Msheireb, katikati ya mji, kuna jumba la makumbusho la Bin Jelmood, lililofunguliwa mwaka 2015, linaloeleza habari za utumwa katika Bahari ya Hindi, pamoja na watu walioletwa Ghuba kutoka pwani yetu. Utumwa ulifutwa Qatar mwaka 1952, miaka 55 baada ya Unguja. Watu wazima wengi wa nchi hii walizaliwa na wazazi walioyaona. Nendeni na watoto wenu. Mtatoka mkijua kwamba suala la nani hufua na nani hufuliwa halikuanza kwenye mashine ya kufulia.

Maana katika nyumba nyingi za mji huu, na zetu wengine zimo, pasi haiko mikononi mwa mama wala baba. Iko mikononi mwa dada wa kazi, na mara nyingi dada huyo ni Mkenya au Mganda, ana watoto wake aliowaacha nyumbani, nao kesho watakwenda shule kwa sare iliyonyoshwa na mtu mwingine au isiyonyoshwa kabisa. Sheria ya Qatar namba 15 ya mwaka 2017 inasema saa zake za kazi zisizidi 10 kwa siku, na kila wiki apate siku ya mapumziko. Tangu Machi 2021 mshahara wa chini ni riali 1,000 kwa mwezi, na wafanyakazi wa nyumbani wamo. Ukihesabu saa zake tangu alfajiri, utakuta mara nyingi mashati matano ya Jumamosi usiku yanaangukia saa ya 12 au ya 13.

Huo ndio uamuzi wangu. Shati lililonyoshwa na mtu aliyekwisha kumaliza saa zake halimwonyeshi mtoto kwamba ana wenyewe. Linaonyesha kwamba kuna mtu mwingine tumemsahau kwamba ana wa kwake. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Na heshima ya kuazima mkono wa mchovu haitusitiri.

Kama wewe baba au mama una dakika 20 na unapenda kumnyoshea mwanao, mnyoshee. Muda huo ndio uliokuwa zawadi tangu enzi za pasi ya mkaa. Kama huna, litundike shati likiwa bichi, funga vifungo, vuta kola kwa vidole, ulale. Usafi hauna mjadala, mkunjo unao. Na mtoto akifika miaka 10 au 11, mfundishe ajinyoshee mwenyewe, wa kiume na wa kike sawasawa, ukiwa umesimama karibu kwa sababu ya moto. Atajifunza kazi, na hatamdharau anayeifanya.

Jambo la mwisho kwa wanaokwenda nyumbani likizo ya kiangazi: kule inzi bado yupo. Nguo zikianikwa nje zinyosheni zote, hata fulana za ndani, na msisahau mishono. Huko bibi ana haki kwa kila hoja.