Jina na Asili ya Jiwe la Jicho la Chui

Katika kuunda istilahi za madini, ipo hatari ya kulipa jiwe jina kwa kufuata nadharia ya asili yake. Nadharia huja na kuondoka, bali jina hubaki. Mfano mmoja ni jiwe la pambo ambalo Wajerumani na Waingereza huliita jicho la chui milia.

Jiwe hili lilipata sifa kutokana na machimbo ya Griqualand West, Afrika ya Kusini, upande wa Prieska na Griquatown. Ni kwatzi iliyochanganyika na nyuzi za krosidoliti, yaani asbesto ya buluu, pamoja na oksidi ya chuma inayolitia rangi ya dhahabu na hudhurungi. Likikatwa na kusuguliwa, hutokea mstari wa nuru unaokatiza nyuzi, nao husogea kila jiwe ligeuzwapo. Lile ambalo chuma chake hakijaoksidika hubaki buluu, nalo huitwa jicho la kipanga.

Mwaka 1873, Mjerumani Wibel alieleza kuwa kwatzi ilishika mahali pa nyuzi za asbesto na kurithi umbo lake. Vitabu vilikariri maelezo hayo kwa zaidi ya miaka 100, hata mwaka 2003 Peter Heaney na Donald Fisher wa Marekani walipoyapinga. Wao walisema kwamba mwamba ulipasuka na kuzibika mara nyingi, kwatzi na krosidoliti zikakua pamoja. Kama tungaliliita "asbesto-geu", leo tungalikuwa na istilahi yenye kubishaniwa.

Hata hivyo, asbesto isifichwe. Mwaka 1960, Wagner, Sleggs na Marchand walitangaza habari za wagonjwa 33 wa saratani ya utando wa mapafu, karibu wote wakiwa wamehusiana na machimbo ya asbesto ya jimbo hilo. Fundi akatae jiwe hili hana budi kujua vumbi lake lina nini; fasili na imwambie.

Basi tuliiteje? Chui milia si mnyama wa mbuga za Afrika. Lakini walowezi wa Rasi walimwita chui huyu wetu "tier", na kwa Kiafrikana jiwe ni "tieroog". Kwa hiyo twapendekeza "jicho la chui". Jina litaje kionekanacho, fasili itaje kilichomo, na mjadala wa asili tuwaachie wanasayansi.