Wu Wei Haikuandikwa Ili Wewe Unyamaze

Ukifungua simu usiku huu hutakosa ile video. Mlima wenye ukungu, filimbi ya Kichina inalia kwa mbali, halafu sauti nzito inakuambia uwe kama maji. Achilia. Usipigane na maisha. Huko chini watu kibao wameandika, "Nilihitaji kusikia hii."

Sawa. Lakini kuna swali moja hizo video haziulizi: haya maneno yaliambiwa nani kwanza? Ukijua jibu, hiyo video haitakukaa vile ilikukaa jana.

Mafundisho yenyewe yanaitwa Utao. Kitabu chake kikuu ni Daodejing, ambacho kimapokeo kinahusishwa na mzee aitwaye Laozi. Neno lililosafiri sana kutoka humo ni wu wei. Ukilitafsiri juu juu ni "kutotenda", na hapo ndipo wengi wanateleza, wanadhani ni ruhusa ya kulala. Maana yake iko karibu zaidi na kutolazimisha: kujua ni jambo gani linajiendea vizuri bila wewe, na ni lipi linahitaji mkono wako. Na sasa shika hii: sehemu kubwa ya kitabu hicho inaongea na mtawala. Sio na msee aliyechoka kwa matatu. Mtawala.

Kwa nini mtawala? Tuingie kwenye historia.

Mwaka 221 KK, ufalme wa Qin ulimaliza kuwashinda majirani wote, na mfalme wake akajiita Qin Shi Huang, mfalme mkuu wa kwanza wa China. Huyu hakuwa mtu wa mchezo. Aliunganisha maandishi, vipimo, sarafu, hata upana wa ekseli za mikokoteni. Akajenga barabara, kuta za mpakani, makasri, na lile kaburi lenye maelfu ya askari wa udongo. Kazi yote hiyo ilifanywa na watu waliotolewa mashambani kwa lazima, chini ya sheria kali zisizojua kusamehe. Kama kuna serikali iliyowahi kuamini kwamba kila kitu kinasukumwa kwa nguvu, ni hiyo.

Alikufa mwaka 210 KK. Mwaka uliofuata, wanaume 900 walikuwa njiani kwenda kulinda mpaka, mvua ikafunga njia. Mwanahistoria Sima Qian anasema adhabu ya kuchelewa ilikuwa kifo. Wawili kati yao, Chen Sheng na Wu Guang, wakapiga hesabu rahisi: tukichelewa tunakufa, tukitoroka tunakufa, tukiasi huenda tukafa pia. Sasa si afadhali tuasi? Wote wawili waliuawa ndani ya miezi michache, lakini moto ulikuwa umeshika. Kufikia 206 KK, Qin ilikuwa imeisha. Miaka 15 tu tangu kuunganisha nchi.

Aliyeibuka mshindi alikuwa Liu Bang, mtoto wa familia ya wakulima aliyewahi kuwa afisa mdogo wa Qin. Alipoingia eneo la mji mkuu, aliwaambia watu kwamba sheria za Qin zimefutwa, zimebaki tatu: za kuua, kujeruhi na kuiba. Mwaka 202 KK akawa mfalme mkuu wa kwanza wa nasaba ya Han. Alirithi magofu. Inasimuliwa kwamba hata mfalme mwenyewe alikosa farasi wanne wa rangi moja wa kuvuta gari lake, na mawaziri walipanda mikokoteni ya ng'ombe.

Hapo ndipo wu wei ilitoka kwenye kitabu ikaingia ofisini. Cao Shen, jenerali mwenye makovu mengi ya vita, alitumwa kuongoza eneo la Qi. Aliita wasomi, kila mmoja akaja na mpango wake. Kisha akamsikiliza mzee aitwaye Gai Gong, mwalimu wa mafundisho ya Utao ya wakati huo. Ushauri wa mzee ulikuwa mfupi: serikali ikitulia, watu watajipanga wenyewe. Cao Shen alifuata hilo kwa miaka tisa, na Qi ikatulia.

Mwaka 193 KK akapandishwa cheo, akawa waziri mkuu wa nchi nzima. Akafanya nini? Hakubadilisha kitu. Aliacha sheria za aliyemtangulia, Xiao He, jinsi zilivyokuwa. Aliajiri watu wazima wasio na maneno mengi, akawafuta wale wakali waliotafuta jina. Maafisa wakija na mashauri, anawamiminia pombe mpaka wanaondoka bila kusema lililowaleta. Mfalme kijana, Huidi, akaanza kushuku kwamba anadharauliwa. Cao Shen akamuuliza: kati yako na baba yako, nani zaidi? Na kati yangu na Xiao He? Mfalme akakubali kwamba waliotangulia walikuwa zaidi. Basi, akasema mzee, wao walishaweka sheria zinazofanya kazi. Yetu ni kuzilinda.

Wafalme waliofuata waliendelea na njia hiyo. Wendi, aliyetawala kuanzia 180 hadi 157 KK, alitaka kujenga roshani ya kifahari. Akaambiwa gharama ni dhahabu sawa na mali ya familia kumi za kawaida. Akaacha. Mwaka 168 KK alipunguza kodi ya mazao kwa nusu, na mwaka uliofuata akaiondoa. Mtoto wake, Jingdi, alipoirudisha mwaka 156 KK aliiweka sehemu moja kwa thelathini. Sima Qian anaeleza kwamba baada ya miongo hiyo maghala yalijaa, na kamba za kufungia sarafu hazinani zikaoza kwa kukaa. Na sio hadithi za ikulu tu: mwaka 1973, huko Mawangdui karibu na Changsha, wachimbaji walipata nakala mbili za Daodejing zilizoandikwa kwenye hariri, ndani ya kaburi lililofungwa mwaka 168 KK. Wakubwa wa zama hizo walizikwa na kitabu hicho.

Sasa angalia vizuri. Katika hii stori yote, nani alijizuia? Ni mwenye kisu. Ni yule anayetoza kodi, anayetunga sheria, anayeweza kukuita kazini kwa lazima. Hakuna mahali mkulima aliambiwa ajizuie kulalamika. Daodejing yenyewe, katika sura ya 75, inalaumu kodi za wakubwa kwa njaa ya watu. Sitataja nchi yoyote.

Sisemi ilikuwa paradiso. Wenye mashamba makubwa walifaidi utulivu huo kuliko maskini. Mwaka 154 KK falme saba ndogo ziliasi, na Jingdi alilazimika kutuma jeshi. Kutogusa kitu kuna bei yake pia, na wao waliilipa.

Na kuna msichana mmoja nataka umjue. Mwaka 167 KK, daktari Chunyu Yi alihukumiwa adhabu ya kukatwa viungo. Binti yake mdogo, Tiying, alimfuata hadi mji mkuu akamwandikia mfalme: aliyekatwa mguu hauoti tena hata akitubu, kwa hivyo nichukueni mimi niwe mtumwa, baba asamehewe. Wendi akafuta adhabu za kuchanjwa uso, kukatwa pua na kukatwa mguu. Badala yake zikaja viboko vingi hivi kwamba wengine walikufa, na ni Jingdi aliyekuja kuvipunguza. Lakini mlango ulifunguliwa na binti ambaye hakuachilia.

Kwa hivyo ukitaka kutumia Utao kwa maisha yako, anza kwa kuuliza: hapa, mwenye kisu ni nani?

Kama ni wewe, wu wei ni yako. Wewe ni admini wa grupu, mweka hazina wa chama, kiongozi wa darasa, dada mkubwa nyumbani? Umepewa kitu kinachofanya kazi. Usikivunje ndio jina lako lionekane. Punguza sheria zibaki zile mnazoweza kuzikumbuka. Na kuna mwili wako, ambao wewe ndiye Qin Shi Huang wake. Kuamka saa kumi usiku, kazi mbili, kozi tatu, na adhabu kila ukichelewa. Mwili nao huasi, na huwa hautumi barua kwanza.

Lakini kama kisu kiko kwa mwingine, na huyo huyo anakuambia tulia, kuwa kama maji, usilalamike, huku anakuongezea mzigo, jua hiyo si Utao. Hiyo ni Qin imevaa nguo za Laozi. Yeye ndiye anahitaji kusoma sura ya 75. Wewe andika barua yako kama Tiying.