"Nice": Neno Lililoanzia Ujingani

Ni maneno machache ya Kiingereza yanayodharauliwa na walimu wa insha kama "nice". Mwanafunzi akiliandika, hupigiwa mstari mwekundu na kuambiwa atafute jingine lenye uzito. Dharau hiyo naielewa, ila neno lenyewe limetoka mbali.

Mzizi wake ni "nescius" la Kilatini, yaani asiyejua. Katika Kifaransa cha kale likawa sifa ya mpumbavu, na kwa maana hiyo hiyo likaingia Uingereza karibu na mwaka 1300. Chaucer alilijua hivyo. Kisha likatangatanga: likamwelezea mpenda anasa, likamwelezea mwenye haya, hatimaye likamwangukia mtu mchaguzi, asiyeridhika upesi. Hapo ndipo njia ilipopinda. Mchaguzi huona tofauti ambazo wengine hawazioni. Basi neno likapata maana ya umakini, na ya jambo lililo jembamba kama unywele. Maana hiyo ingali hai: mwanasheria wa Kiingereza akisema hoja fulani ni "nice", huenda hasifu uzuri wake hata kidogo. Maana ya kupendeza ilishika nguvu katika karne ya 18, ikaenea mno hata Jane Austen, katika riwaya ya Northanger Abbey iliyotoka mwishoni mwa 1817, akampa Henry Tilney kazi ya kulifanyia mzaha.

Asiyeijua historia hii hupotoka anaposoma. Katika Romeo and Juliet, baada ya Tybalt na Mercutio kuuawa, Benvolio anamweleza mtawala jinsi ugomvi ulivyokuwa "nice". Msomaji wa leo atashangaa: uzuri gani huo, na maiti zingali mbichi? Benvolio anasema kwamba chanzo cha ugomvi kilikuwa upuuzi mtupu. Uchungu wote wa usemi wake umo katika neno hilo moja.

Wapo washairi wenzetu wanaoshikilia kwamba maana halali ya neno ni ile ya asili yake pekee, na hulikosoa shairi kwa kamusi ya Kiarabu mkononi. Kwa mizani yao, Mwingereza anayemwita jirani yake "nice" amemtukana. Nasi tungeinuka karamuni na njaa zetu, maana "karam" kwa Waarabu ni ukarimu. Sinia la pilau tumeliongeza wenyewe.