Madai ya Wanafunzi na Ukimya wa Shule za Kata: Kutoka Los Angeles hadi Mzenga

Machi 1968, maelfu ya wanafunzi wa sekondari wenye asili ya Meksiko, Wachikano, walitoka madarasani mashariki mwa Los Angeles. Shule zao, zikiwamo Lincoln na Garfield, zilifurika, wengi waliacha masomo njiani, na aliyesikika akisema Kihispania aliweza kuadhibiwa. Wakiungwa mkono na mwalimu Sal Castro, waliipelekea bodi ya elimu madai ya maandishi: historia yao ifundishwe, lugha yao iheshimiwe, walimu wa asili yao waajiriwe. Watu 13, Castro akiwamo, walishtakiwa kwa kula njama. Mashtaka yakafutwa baadaye.

Historia yetu ya migomo Tanzania imeegemea kwingine. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana jijini Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa makato ya mshahara. Rais Nyerere aliwafukuza karibu 400, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Waandamanaji wa 1978, waliopinga nyongeza ya marupurupu ya wabunge na mawaziri, walikuwa na hoja pana zaidi, nao wakatimuliwa. Tangu kuanza kwa uchangiaji gharama, ugomvi mkubwa vyuoni umekuwa mikopo na bumu, yaani posho ya kujikimu. Ni madai halali, lakini ni ya waliokwisha kupenya chujio la mitihani.

Mwanafunzi wa shule ya sekondari ya kata ya Mzenga, wilayani Kisarawe, bado yumo ndani ya chujio hilo. Alifanya mtihani wa darasa la saba kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza kikamgeuzia lugha. Mwalimu anaandika ubaoni kwa Kiingereza, anafafanua kwa Kiswahili, mwanafunzi ananakili asichokielewa, na mtihani wa taifa unamtaka ajieleze kwa Kiingereza. Katika shule nyingi nchini, akinaswa akisema lugha yake, adhabu inamsubiri, kama ilivyokuwa kwa Mchikano. Katika matokeo ya kidato cha nne ya 2012, takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri. Hoja ilivuma bungeni na magazetini. Sauti za walioanguka wenyewe hazikusikika sana.

Kisarawe ilipata kampeni ya Tokomeza Ziro chini ya Jokate Mwegelo, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya kuanzia 2018 hadi 2021. Ilileta fedha na hamasa, sibishi. Ila kampeni hutegemea aliyeianzisha, na akihamishwa huenda isipate mrithi. Madai yaliyoandikwa na wanafunzi hubaki kwenye faili, na anayekuja analazimika kuyajibu.

Sisemi watoto wa Mzenga watoke barabarani. Gharama yake tunaijua, na viboko ni sehemu ndogo tu. Baraza la wanafunzi shule nyingi zinalo, japo kwa kawaida huitwa kujadili usafi na nidhamu. Bodi za shule zipokee kutoka kwake madai ya maandishi kuhusu walimu, maabara na lugha ya kufundishia, ziyapeleke Kamati ya Maendeleo ya Kata, na majibu yasomwe mbele ya wanafunzi.