Gharama ya Kutimiza Wajibu

Sheria ya kodi humtaka mtu mambo mawili. La kwanza ni kutoa fedha. Hilo kila mtu analijua, na wengi hulinung'unikia. La pili ni kueleza kwa maandishi alipata kiasi gani, alikatwa kiasi gani, na kama anadaiwa au anadai. Hilo la pili huonekana dogo. Lakini hebu fikiri, msomaji: ikiwa maelezo yenyewe ni magumu hata mtu hawezi kuyaandika bila ya kumlipa fundi, je, ujira wa fundi huyo si kodi nyingine? Nchini Marekani watu wamelishindania jambo hili kwa muda wa miaka 70, na habari zao zafaa kusomwa na kijana ambaye karibuni atapata nambari yake mwenyewe ya mlipa kodi.

Kodi ya mapato ya Marekani, kama ijulikanavyo leo, ilianza mwaka wa 1913, baada ya Katiba kurekebishwa. Fomu ya kwanza, iliyopewa nambari 1040, ilikuwa na kurasa 4 tu pamoja na maagizo yake, na iliwahusu matajiri wachache. Vita Vikuu vya Pili ndivyo vilivyogeuza mambo. Vita hula fedha. Serikali ikashusha kiwango cha mapato yanayotozwa kodi, hata mfanyakazi wa kiwandani na muuzaji wa dukani wakaingia daftarini. Mwaka wa 1939 waliolipa kodi hiyo walikuwa kama milioni 4. Vita vilipokwisha mwaka wa 1945, walikuwa wamepita milioni 40.

Watu hao wapya hawakuwa na wahasibu. Walikwenda katika ofisi za kodi na vikaratasi vyao mkononi, na makarani wa serikali wakawasaidia kujaza fomu bila ya malipo. Kwa maoni yangu huo ulikuwa utaratibu wa haki, maana aliyetega kitendawili ndiye aliyekitegua.

Sasa twende katika mji wa Kansas City. Huko walikuwako ndugu wawili, Henry na Richard Bloch, waliokuwa wakiwaandikia wafanyabiashara wadogo vitabu vyao vya hesabu. Kujaza fomu za kodi kwao kulikuwa kazi ya kando tu, tena yenye taabu nyingi na faida kidogo, nao walikwisha kuazimia kuiacha. Mteja wao mmoja, aliyekuwa akifanya kazi gazetini, akawashauri wasiiache kabla ya kuijaribu kwa tangazo. Wakatangaza mwezi wa Januari 1955: fomu moja, dola 5. Kumbe wakati huohuo ofisi ya kodi ya mji ule ilikuwa imeacha kuwajazia watu fomu bure! Watu wakafurika mlangoni. Mwaka uliofuata huduma ya bure ikakoma katika mji wa New York pia, nao ndugu wale wakaenda kufungua ofisi huko. Kampuni yao waliiita H&R Block; jina lao waliliandika kwa herufi ya k ili watu wasilitamke vibaya. Usiwalaumu. Waliona kiu, wakauza maji. La kuulizwa ni kwa nini kisima cha umma kilifungwa.

Haikuchukua muda mrefu kabla ya wengine kutafuta njia ya kukifungua tena. Sheria ya kodi ya mwaka wa 1969 ndiyo iliyozaa mpango uitwao VITA, ambao chini yake watu wa kujitolea, wakiwamo wanafunzi wa vyuo, hufunzwa na idara ya kodi ya taifa, yaani IRS, kisha huwajazia fomu watu wa kipato kidogo bila ya kudai senti. Hukaa katika maktaba, makanisa na kumbi za mitaa. Mpango huo ungaliko.

Uzito wa kazi yao uliongezeka mwaka wa 1975. Mwaka huo Bunge la Marekani liliweka nafuu maalum kwa wafanyakazi maskini wenye watoto: mtu aweza kurudishiwa na serikali fedha nyingi kuliko kodi aliyokatwa. Lakini hapewi mpaka apeleke fomu. Mfikirie basi mama anayefua nguo hospitalini. Serikali imemwekea msaada wa kuwalisha wanawe, naye, ili aupate, humlipa mtu wa kumjazia karatasi. Sehemu ya msaada huishia mezani pa yule mtu kabla mtoto hajala.

Kompyuta zilipoenea, wengi walitumaini kwamba taabu hiyo itakwisha. Serikali hupelekewa habari za mishahara na waajiri wenyewe. Ingeshindwaje kumwekea mtu mahali pa kujazia fomu bure katika intaneti? Makampuni ya programu za kodi yaliliona tishio hilo mapema. Mwezi wa Oktoba 2002 yakafikia mapatano na serikali: yenyewe yatawapa walipa kodi wasiopungua asilimia 60, hasa wa kipato cha chini na cha kati, huduma ya bure, nayo serikali haitaanzisha yake. Mpango ukaitwa Free File. Kwenye karatasi ulipendeza.

Katika matendo, wachache sana waliuona mlango huo. Mwaka wa 2019 waandishi wa habari wa ProPublica walifichua kwamba makampuni makubwa yaliweka maagizo ya kikompyuta katika kurasa zao za bure ili mtu akitafuta kwa Google asizione. Badala yake aliangukia ukurasa wenye kutangaza neno "bure", na mwisho wake akadaiwa fedha. Wakaguzi wa serikali wakakadiria kwamba walipa kodi zaidi ya milioni 14 waliostahili huduma ya bure huenda walilipa katika msimu wa 2019. Kabla ya mwaka huo kwisha, mapatano yalirekebishwa: kuficha kurasa kukapigwa marufuku, na ile ahadi ya serikali ikafutwa. Mwaka wa 2022 kampuni ya Intuit, bila ya kukiri kosa, ilikubali kuwarudishia watu dola milioni 141. Waliogawiwa walikuwa kama milioni 4.4, na wengi wao walipata kama dola 30 kila mmoja.

Usiwacheke Wamarekani. Hapa kwetu Kenya ritani hupelekwa kabla ya tarehe 30 Juni, na mtandao wa iTax, tangu ulipoanzishwa katika miaka ya 2010, haumtozi mtu kwa kuitumia. Hata hivyo, ukipita madukani penye kompyuta mwishoni mwa Juni utaona foleni ya watu wanaolipa ili wajaziwe, wakiwamo vijana wasio na shilingi moja ya kutangaza. Wengine hawana kompyuta. Wengine wanaogopa kukosea, kwa maana adhabu ya kuchelewa huanzia shilingi 2,000. Mlango u wazi, lakini hofu ni bawabu mkali.

Hofu hiyohiyo ndiyo serikali ya Marekani iliyotaka kuiondoa ilipojenga mtandao wake wenyewe, Direct File, ulioeleza kila swali kwa lugha nyepesi, Kiingereza na Kihispania. Ulijaribiwa mwaka wa 2024 katika majimbo 12, ukatumiwa na watu zaidi ya 140,000. Mwaka wa 2025 majimbo yalikuwa 25, na watumiaji wakakaribia 300,000. Wapinzani walisema ni ghali kuuendesha, tena si kazi ya mtoza kodi kumhesabia mlipaji. Uongozi ulikuwa umebadilika, na mwezi wa Novemba 2025 majimbo yaliarifiwa kwamba mtandao huo hautafunguliwa msimu wa 2026.

Yule mama wa hospitalini, ikiwa alijaza fomu yake humo, ilimpasa sasa kuchagua: kuutafuta mlango wa Free File, kuwaendea watu wa VITA, au kumlipa fundi. Fomu 1040 ya karatasi nayo hutolewa bure kama zamani, ila maagizo yake siku hizi hupita kurasa 100.